Methadoni kwa mateja: ni tiba, au tumewabadilishia kilevi tu?

Wakuu, naleta hili jamvini kwa sababu kila likiguswa mtaani huishia kwenye kauli moja: "Serikali inawapa mateja unga wa bure kwa kodi zetu." Mimi siikubali, na anayeiamini namwomba anijibu kwa hoja.

Huduma hii ya kuwapa mateja, yaani watumiaji wa heroini (unga), dawa ya methadoni ilianza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, baadaye Zanzibar na mikoa mingine. Mtumiaji wa heroini hupata nafuu ya saa chache tu, halafu arosto inaanza: makamasi, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Siku yake yote inakuwa ya kusaka kete inayofuata, na hapo ndipo simu yako na nondo za dirisha lako zinapoondoka. Methadoni ni dawa ya maji, kwa kawaida inanywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na dozi moja huzuia arosto kwa takribani saa 24. Ikishapangwa sawasawa, mtu halewi. Na kwa kuwa hajidungi, hana sindano ya kuchangia na wenzake. Njia hiyo ya VVU na homa ya ini inafungwa.

Ni kweli nayo ni ya jamii ya afyuni, kama heroini, mwili huizoea, na wapo watakaoinywa kwa miaka. Hilo silifichi. Ila mimi naangalia kama mtu yuko hai, haibi, na wanawe wanamwona nyumbani.

Kuna wanaosema, "Wafungiwe ndani, arosto itawatoka." Itawatoka, lakini hamu ya unga inabaki, na mwili uliokaa bila unga haubebi tena kiasi ulichokuwa unakibeba. Akitoka akajidunga kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua palepale. Wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani ni za hatari sana. Ndugu wanaompeleka kijana shamba "akapoe" nao walijue hili, maana wanampokea akiwa amenenepa wanadhani amepona.

Soba hausi, nyumba wanakokaa wanaojaribu kuacha unga, naziheshimu, hasa kazi iliyofanyika Zanzibar. Lakini nyingi hutaka ada kila mwezi, na familia nyingi za mateja zimeshauziwa hadi masufuria.

Lawama yangu mimi iko kwenye umbali. Kwa wengi, kituo lazima wakifuate kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu anayetoka Mbagala ndani ndani au Kigamboni, hana kazi, nauli ya kwenda na kurudi ataitoa wapi? Akiikosa siku mbili tatu, arosto inamrudisha kijiweni kwenye unga, na sisi tunasema dawa haifanyi kazi! Ndiyo maana naunga mkono waliotulia kwenye dawa wapewe dozi za siku kadhaa wakanywe nyumbani, na dawa isogezwe kwenye vituo vya afya vya kata.

Wanaopinga wanahofia itauzwa vijiweni, au mtoto aikute kabatini ainywe. Hofu hiyo ni ya haki, kwani kipimo cha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto. Kwa hiyo nawauliza hasa wauguzi, wazazi na waliowahi kutumia waliomo humu: mtu awe ametulia kwa muda gani ndipo aaminiwe na chupa, na nyumbani nani akae na ufunguo?