Mjadala: Je, somo la uraia liingie katika ratiba ya madrasa?

Mzazi wa Kirumba: Assalaam alaykum. Mwanangu husoma uraia shuleni asubuhi na sira, yaani maisha ya Mtume, madrasani jioni, wala hajaambiwa kwamba mambo hayo yanakutana. Kwa nini Mkataba wa Madina, uliowaweka Waislamu na Mayahudi chini ya makubaliano mamoja, usisomeshwe sambamba na Katiba yetu ya Tanzania, ambayo ibara yake ya 18 inalinda uhuru wa kuabudu? Ingawa maustadhi wetu wengi, tuseme kweli, hawajaifungua Katiba hata siku moja.

Ustadhi wa Igogo: Waalaykum salaam. Uhuru wa dini umo katika ibara ya 19, mzee wangu. Ya 18 ni ya uhuru wa maoni, ambao umeutumia barabara. Ninasomesha watoto arobaini barazani kwa michango ambayo mwezi huu imefika nusu, kisha ninaambiwa sisomi.

Binti Pansiansi: Ustadhi, hukutajwa wewe. Huko Indonesia, mwaka 1975, mawaziri watatu walikubaliana kwamba madrasa zifundishe asilimia 70 masomo ya jumla na 30 dini, na cheti chake kikawa na thamani sawa na cha shule nyingine.

Ustadhi wa Igogo: Madrasa za huko ni shule za kutwa, dada yangu. Mimi ninawapata watoto baada ya alasiri hadi magharibi. Asilimia 70 ya muda huo nikiitoa, juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, wataihifadhi lini?

Mvuvi wa Mwaloni: Uraia utawafundisha kura, nanyi mnasahau kwamba shura si kura. Suratu Shura, aya ya 38, inawasifu wanaoendesha mambo yao kwa kushauriana, haikusema wahesabiane vichwa. Kwenye mwalo wetu tulipiga kura, akashinda aliyegawa mafuta ya injini.

Binti Pansiansi: Basi hiyo ndiyo sababu ya kuwafundisha, kaka, kabla nao hawajauzwa kwa lita mbili.

Ustadhi wa Igogo: Bado sijaombwa radhi.

Mzazi wa Kirumba: Niwie radhi, ustadhi, mchango wangu nao nimeutuma. Ila mtoto ameniuliza imamu wetu alichaguliwa na nani, nikakosa jibu.

Ustadhi wa Igogo: Wazee wa msikiti walishauriana. Akiuliza wazee nao walichaguliwa na nani, mlete Jumamosi, na Katiba uje nayo wewe.