Naomba ushauri: kinda wa Massospondylus alitembea kwa miguu miwili au minne?

Habari za jioni wakuu. Nafundisha biolojia sekondari, na wanafunzi wangu wanatengeneza sanamu ya Massospondylus, mama na kinda wake, kwa waya na magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi. Ni yule dinosaria mla mimea wa Afrika Kusini, mwenye shingo ndefu, mita 4 hadi 6, aliyepewa jina na Richard Owen mwaka 1854.

Mama tumeshamsimamisha kwa miguu miwili, maana mifupa ya mkono inaonyesha kiganja hakikuweza kugeukia chini. Nimekwama kwa kinda. Vijusi vya kwenye mayai yaliyopatikana hifadhi ya Golden Gate, Afrika Kusini, mwaka 1976 (mayai yenyewe madogo mno kwa mnyama mkubwa hivyo!) vina mikono mirefu na kichwa kikubwa, na maelezo ya mwaka 2005 yanasema alianza kwa minne. Utafiti wa baadaye, uliopima mifupa na sikio la ndani, unasema miwili tangu mwanzo. Nimesoma yote mawili, bado nasita.

Mwenye ujuzi wa visukuku anisaidie: hoja ipi ina nguvu zaidi? Na viganja vya mama vitazamane, au vielekee nyuma kidogo? Waya bado unapindika, gundi tunapaka Ijumaa.