Waliopitia mshtuko wa moyo au damu kuganda, tupeane uzoefu

Kipanga: Wakuu, jana tumemzika jirani. Kifua kilimbana usiku, akaambiwa ni gesi, asubuhi hakuamka. Kama yamekukuta wewe au wa nyumbani kwako, andika yalianzaje.

Mama Tunu: Pole sana. Mume wangu yu hai, Alhamdulillahi. Alfajiri kifua kilimlemea kama amewekewa gunia la mahindi, maumivu yakashuka mkono wa kushoto, yakapanda tayani, jasho linamtoka na feni inazunguka. Kituo cha kwanza wakasema vidonda vya tumbo. Nikauliza, mbona hamjampima moyo? Mashine hawana. Nikampakia kwenye bajaji, nimemkumbatia asidondoke, kila tuta analia. Hospitali ya pili ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ilipigwa hata faili sijafungua. Wakamtafunisha aspirini, wakamtundikia dripu ya streptokinase ya kuyeyusha bonge la damu. Mara presha ikaporomoka, macho yakageuka, nesi ananisukuma nje. Nikasoma shahada kwa sauti, nikijua ndiyo basi. Wakasimamisha dripu, wakamwongezea maji. Akafumbua macho, akauliza watoto wako na nani.

Chuma: Vidonda vya tumbo! Na baba yetu aliambiwa hivyo hivyo.

Nesi wa Zamu: Mama Tunu, nimelia. Dawa hizo mbili zilipimwa pamoja kwenye utafiti wa ISIS-2 wa 1988, wagonjwa 17,187. Waliopata zote, vifo vya wiki tano za mwanzo vilipungua kwa asilimia 42 kuliko wasiopata hata moja.

Bwana Shamba: Basi kila mtu mzima ameze aspirini kila siku, yaishe.

Nesi wa Zamu: Hapana! Utafiti wa ASPREE, 2018, wazee 19,114 wa Australia na Marekani wasio na ugonjwa wa moyo: haikuwakinga, ikawaongezea kuvuja damu.

Bwana Shamba: Mjomba anameza miaka yote, ngangari.

Nesi wa Zamu: Alishapata kiharusi?

Bwana Shamba: Ndiyo.

Nesi wa Zamu: Basi yeye ameandikiwa kwa sababu yake. Usiwagawie wenzake.

Mpemba: Mimi lilikuwa bonge la mguuni, baada ya kufungwa plasta. Likapanda mapafuni, pumzi ikakata. Sasa nipo kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, napimwa damu mara kwa mara.

Dogo Kelvin: Warfarin si sumu ya panya?

Mpemba: Ndiyo, ilianzia huko. Hata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa, baada ya mshtuko wa moyo wa 1955. Kiasi cha dawa ndicho kinachotofautisha. Na mchicha nakula, ila kiasi kile kile kila wiki, maana ukizidisha ghafla dawa inapungua nguvu.

Chuma: Kitunguu swaumu kinatosha, ndugu.

Mpemba: Kwenye ugali, sawa. Vidonge vyake ukichanganya na warfarin unaweza kuvuja damu.

Baba Neema: Samahani wakuu. Mke wangu amejifungua juzi, mguu mmoja umevimba na una moto. Bibi anataka kumkanda. Tusubiri Jumatatu?

Nesi wa Zamu: Msimkande wala kumsugua! Nendeni hospitali sasa hivi, waambie amejifungua juzi.

Mpemba: Kama anabanwa pumzi, semeni hilo kwanza mkifika.

Baba Neema: Bajaji imefika.