Tupeane uzoefu: bonsai ya ndani inapopukutisha majani

Mhamiaji
Wenye bonsai za sebuleni, ile miti inayofupishwa chunguni, nisaidieni. Nina fikasi, ile benjamina. Nimeilea Kisumu miaka sita, imenona mpaka wageni wakauliza kama ni ya plastiki. Mwezi wa saba nikapata uhamisho kuja Nakuru. Nikaipakata kwenye matatu njia nzima, Ahero, Kericho, Mau Summit, na dirisha la abiria wa mbele halikufunga. Siku ya nne majani yakaanza. Wala si makavu! Mabichi kabisa, mengine yana njano kidogo. Ukigusa tawi tu unasikia pa pa pa sakafuni. Leo nimefagia nikahesabu 143. Namwagilia kila siku, na jana nimeongeza mbolea. Kuna aliyepitia hili?

Section58
Pole ndugu. Yangu ilifanya hivyo nilipoitoa sebuleni kwenda chumba cha kulala. Hatua kumi! Fikasi ina kiburi cha mwenye nyumba.

BabaPacha_Kericho
Ngoja kwanza. Mti hauna majani halafu unaupa mbolea? Mgonjwa hajiwezi kitandani, wewe unamkatia nyama choma?

Nyanya wa Lanet
Mwanangu, usihesabu majani, kwaruza gome. Sehemu ndogo kama punje ya mchele, kwa ukucha. Ukiona kijani kibichi na maziwa yakatoka, mti u hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo, kwaruza tena. Wangu ulikufa nusu ya juu, nikakata pale kijani kilipoanzia, na sasa umenizidi kwa mvi za mizizi.

Mjuaji_wa_Mji
Ni maji ya Nakuru. Yana floraidi. Angalieni meno yetu sisi tuliokulia hapa.

Section58
Meno si majani, bwana. Mimi namwagilia maji hayo hayo ya kisima na fikasi yangu iko sawa. Kilichokauka ncha ni ua langu la drasena.

Mjuaji_wa_Mji
Na ule ukoko mweupe pembeni mwa chungu ni unga wa ugali?

Section58
Ni chumvi. Kinga maji ya mvua, acha kutisha watu.

MkeWaMtu_Kakamega
Hii mada imenikumbusha jambo nililoapa sitasema. Basi.

Nilikuwa na fikasi kwenye sinia pana la udongo, kando ya kiti cha mume wangu. Mti ukaanza kupukutika mwezi wa tatu, na sisi hatujahama popote. Nikabadilisha dirisha. Nikaangalia wadudu chini ya majani, hakuna. Nikamlaumu dada wa kazi kwamba anaumwagilia kwa siri, maskini akalia. Niliacha kuumwagilia wiki mbili kamili, na bado udongo umeloa! Nikaanza kuogopa. Mama mkwe akaja, akautazama, akasema mti huo ni ndugu ya mugumo, haukai ndani ya nyumba ya watu, utaniona.

Siku moja nikaamua kuung'oa nione. Jamani, ile harufu. Mizizi myeusi, ukivuta ganda linabaki mkononi kama soksi na ndani kumebaki uzi. Na juu ya udongo kuna tabaka la machicha ya kijani. Nikanusa. Mwarobaini.

Mwarobaini ambao mimi mwenyewe namchemshia mume wangu kila asubuhi na kila jioni tangu Januari, glasi nzima, kwa sababu mama yake alisema utamsafisha damu. Na kila siku ananirudishia glasi tupu, anafuta mdomo, anasema "asante mama, uchungu huu ni kiboko".

Kondele_Fundi
😂😂😂 "anafuta mdomo"

Section58
Huyu si mume, ni msanii.

BabaPacha_Kericho
Ila mimi namwelewa. Glasi mbili kwa siku?

MkeWaMtu_Kakamega
Wewe usimwelewe.

Mama Shiro
Alisema nini ulipomuuliza?

MkeWaMtu_Kakamega
Alisema alidhani mwarobaini unaua wadudu.

Mhamiaji
Jamani, mti wangu.

Kondele_Fundi
Haya, turudi. Mhamiaji, Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni kama 1,850. Usiku wa Julai huko unashuka hadi nyuzi 10 hivi. Wewe umenunua sweta, mti umeuvalisha nini? Na kwenye baridi mti unakunywa polepole. Kikombe kile kile ulichoupa Kisumu, Nakuru ni mafuriko. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na udongo umeganda, ondoka, rudi kesho.

Mama Shiro
Mimi namwagilia kila siku na haujawahi kuangusha hata jani.

Kondele_Fundi
Uko wapi?

Mama Shiro
Ahero, huku kwenye joto karibu na Kisumu.

Kondele_Fundi
Basi.

Mjuaji_wa_Mji
Kosa ni kuiweka ndani. Hata huko Japani bonsai nyingi zinakaa nje. Mti si kabati. Toa nje leo.

Nyanya wa Lanet
Asitoe! Wataka ahamishe tena mti uliokasirika kwa kuhamishwa? Majani yale yalizoea mwanga wa Kisumu. Mti unayaacha ili uote mengine ya mwanga wa hapo. Uwekwe dirisha moja lenye mwanga mwingi, usiku lifungwe, na usiguswe. Nje ni baadaye, kukipata joto, na taratibu.

Mjuaji_wa_Mji
Sawa shosho, lakini nimesema.

BabaPacha_Kericho
Swali: unapasha nyumba kwa jiko la makaa? Zaidi ya kuhatarisha maisha yako, moshi ule una ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Majani hayaipendi. Mimi nilipoteza nusu ya fikasi kwa sababu ya mkungu wa ndizi za Kisii niliouficha kabatini pembeni yake.

Section58
Nani anaficha ndizi?

BabaPacha_Kericho
Mtu mwenye pacha.

Jirani_Bondo
Sisimizi wakipanda shina na majani yakinata kama yamepakwa soda, tafuta wadudu wa magamba. Pamba na spiriti, wafute mmoja mmoja. Mimi pia nilidhani ni baridi.

Mhamiaji
Nimerudi. Hakuna sisimizi. Nimekwaruza: kijani, na maziwa yametoka mpaka kwenye ukucha. Kidole kimetoka na tope. Nimeinua mti polepole. Mizizi ya pembeni ni mizuri, ya katikati chini ni myeusi, na tundu la chungu limezibwa na udongo wa mfinyanzi niliotoka nao Kisumu. Jiko nalikoka jioni, ndiyo. Nimelitoa nje.

Nyanya wa Lanet
Kata myeusi tu, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Myeupe usiiguse. Mbolea sahau mpaka majani mapya yakomae.

Section58
Na udongo usinunue. Uko Nakuru, tafuta yale mawe mepesi ya volkano, yanayoelea ukiyatupa kwenye ndoo. Ponda yawe kama punje za mahindi, chekecha vumbi litoke, changanya na mboji kidogo. Maji yatapita.

Mjuaji_wa_Mji
Maji ya mvua lakini.

Mhamiaji
Ya mvua. Nimeshatega beseni.

Mama Shiro
Dada wa Kakamega, mti ulipona?

MkeWaMtu_Kakamega
Nusu yake. Nilichukua vipandikizi viwili, kimoja kikashika. Kimekaa juu ya friji, yeye hafiki bila kusimama. Pale kando ya kiti nimeweka shubiri. Hiyo haivumilii maji mengi kabisa. Ikilegea tu, nitajua.