Naomba ushauri: Pinotage na mbuzi choma, kachumbari nifanyeje?

Wakuu, heshima zenu. Jumamosi mashemeji wanakuja kula, nimenunua mvinyo mwekundu wa Pinotage kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini. Ni ile zabibu aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut.

Nimefungua chupa moja nionje. Unanukia zambarau zilizoiva sana, moshi kwa mbali, halafu ukimeza unaacha ukakasi ulimini kama chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi. Nilipouweka kwenye friji kidogo ukatulia. (Kwa joto hili la Dar, ukiunywa hivihivi unasikia pombe tu puani.)

Mbuzi wa kuchoma sina wasiwasi naye, mafuta yake yanapunguza ule ukakasi. Tatizo ni kachumbari yenye ndimu na pilipili mbuzi. Nimejaribu kuionja pamoja, pilipili ikawaka maradufu na mvinyo ukawa mchungu. Na shemeji mkubwa bila pilipili hali!

Je, pilipili niitenge pembeni, au nitafute mvinyo mwepesi zaidi? Na pilau ya ng'ombe, kuna aliyewahi kuila na Pinotage?