Video na blogu darasani JSS: mnazitumia aje ndio watoto washike somo?

mwalimu_eastlando
Walimu wenzangu hamjambo. Nafunza sayansi na Kiswahili JSS (Grade 7 mpaka 9) huku Eastlands, Nairobi, shule ya serikali, darasa limejaa mpaka dawati la nyuma wanakaa wanne. Tumepata projekta moja na laptopu moja na mkuu wa shule anataka zitumike, zisikae kwa kabati. Sasa shida ni hivi, nikiweka video ya YouTube watoto wanatulia kabisa, ikiisha wanapiga makofi, nikiuliza swali wananiangalia tu. Na sitaki kuacha juu kuna vitu hatuna maabara ya kuonyesha. Pia nataka kuanzisha blogu ya darasa ya insha lakini watoto hawaruhusiwi simu shuleni na bando natoa mfukoni mwangu. Mwenye amefanya hii kitu anisaidie.

chaki_nyeupe
Mwalimu pole na kazi. Hao watoto wanaangalia venye wanaangalia TV kwa nyumba, hakuna mtu huwauliza maswali wakiangalia TV. Usichezeshe video yote, tafuta zile dakika tatu unahitaji uachane na hizo zingine, salamu zao na muziki na kuambiwa mbonyeze sabskraibu hazina kazi darasani. Halafu simamisha KABLA ya jibu. Mfano ukifunza kutenganisha maji na chumvi, ile ya kuchemsha mpaka mvuke uingie kwa bomba la kupoza, wewe unasimamisha mvuke ukiwa ndio unaanza kupanda. Uliza, chumvi itaenda na mvuke ama itabaki kwa chupa? Kila mtu aandike kwa daftari, si kuinua mkono, juu ukiuliza kwa mkono ni wale watano wa mbele tu wanajibu kila siku. Wakishaandika ndio unabonyeza pley. Hapo utaona darasa limebadilika, mtoto ameshajitoa kwa jibu lake anataka kujua kama amepata.

Kitu ingine, chenye mnaweza kufanya kwa mikono usikionyeshe kwa video. Kuchuja maji ya mchanga na kitambaa ni rahisi, fanyeni hapo nje. Video weka kwa kile hamna vyombo vyake. Na jioni waambie waangalie kifuniko cha sufuria nyumbani, yale matone yenye hushika chini ya kifuniko ni mvuke umepoa ukarudi kuwa maji, ni kitu ileile waliona kwa ukuta.

Bando: shusha mapema ukiwa kwa waifai, usitegemee intaneti saa ya somo. Chagua ubora wa picha wa 480p, inatosha kwa ukuta, inakula data kidogo sana kuliko 1080p yenye ni safi zaidi. Na kuna programu ya bure inaitwa Kolibri, ukishaijaza masomo mara moja inafanya kazi bila intaneti kabisa, video za Khan Academy, wale wa masomo ya bure mtandaoni, ziko ndani. Kumbuka Mwalimu Peter Tabichi wa Njoro, yule alishinda Global Teacher Prize 2019, tuzo ya mwalimu bora duniani, shule yao ilikuwa na kompyuta moja na intaneti mbovu, alikuwa anaenda saiba kushusha vitu vya kuonyesha darasani.

mama_wa_grade7
Mimi ni mzazi tu, nimesoma hapa nikaona niseme. Blogu ni kitu nzuri lakini mwalimu tafadhali tuulizeni kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi ama mlezi akubali kabla data ya mtoto itumike. Andikeni barua moja fupi tutie sahihi. Picha za watoto na sare yenye beji ya shule msiweke, wala jina kamili, mtu asiweze kujua mtoto wangu anasoma wapi na anatoka saa ngapi.

kalamu_ya_kawangware
Mama hapo umenena. Kwetu tunatumia jina la kwanza peke yake, na Blogger, ile huduma ya Google ya blogu, inakubali kufunga blogu isomwe na watu umealika tu, ni bure.

Sasa mwalimu, hiyo ya simu isikusumbue. Wanaandika kwa karatasi, wanasahihishana wawili wawili, halafu kila wiki kikundi kimoja kinaketi kwa laptopu kinachapa. Mimi faida nimeiona kwa insha zenyewe. Unajua watoto wetu wamekariri, kila insha inaanza jogoo wa kwanza alipowika, hata kama mtoto amelelewa gorofa ya tano Kawangware hajawahi kusikia jogoo. Ni juu wanaandikia mtu wa kuweka maksi. Kuna msichana aliandika venye mamake hupika chapati za kuuza, akaandika "tulikanda unga barabara zikawa tamu ajabu". Mzazi mmoja akauliza kwa maoni hapo chini ya blogu, unga kilo mbili mnaweka maji kiasi gani, na mnapumzisha unga dakika ngapi? Mtoto alienda akamuuliza mamake, akarudi akaandika aya yote upya, maji ya vuguvugu, unga unafunikwa na kitambaa mpaka ukibonyeza haurudi haraka. Mimi sikuwa nimemsahihisha chochote! Maoni yote lakini yapitie kwako kwanza kabla yaonekane, hiyo usikubali kuiacha wazi.

mwalimu_eastlando
Asanteni sana, mama barua naandika leo nipeleke kwa mkuu wa shule kwanza. @chaki_nyeupe swali moja, darasa letu ni la mabati na mvua ikinyesha spika haisikiki, unafanya aje?

chaki_nyeupe
Zima sauti kabisa uongee wewe. Ama cheza kipande mara ya pili bila sauti, uchague mtoto asimame hapo mbele aelezee wenzake chenye kinaendelea. Hiyo mimi hufanya hata siku hakuna mvua.