Wenye malori na madereva wa Kanda ya Ziwa, msimu ukikaribia mnajiandaaje? Tupeane uzoefu

Msimamizi wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamooni. Mimi nasimamia magari kwenye kampuni ndogo ya usafirishaji hapa Mwanza, tuna semi na mafuso, yanalala Igoma. Mchele wa Kwimba na Kahama ushaanza kutoka, pamba inakuja nyuma yake, watu wa dagaa ndo kabisa hawanaga likizo, kwaiyo kuanzia mwezi wa tano simu yangu haikai kimya mpaka wa tisa huko. Af tukipumua kidogo inaingia Desemba, bia, soda, saruji, kila mtu anataka mzigo wake uwe dukani kabla ya sikukuu.

Sasa sitaki nadharia humu. Nataka mtu aseme msimu fulani tulifanya hivi ikawa hivi. Gari na madereva, vyote viwili. Naanza mimi.

Sisi sevisi kubwa tunafanya mvua za masika zikiwa zinanyesha, mzigo ukiwa mdogo. Gari moja moja linaingia gereji, sio yote kwa pamoja, maana bado kuna wateja wawili watatu wa kuwahudumia. Ukisubiri mpaka Juni utakuta gereji zote za Nyakato zimejaa na fundi ndo anakupangia wewe lini uende. Tunafungua habu zote, beringi zinaangaliwa, grisi mpya, linga za breki zikiwa nusu tunatoa, hatusemi "zitamaliza safari moja". Betri, filta, mikanda, hayo ya kawaida.

Ila kitu ninachokiangalia kwa macho yangu mwenyewe ni turubai. Watu wanalidharau sana turubai. Mimi nalifunga juu ya bodi tupu saa sita mchana, naingia chini yake, naangalia juu. Kila panapopita mwanga naweka alama na chaki na fundi wa viraka anakuja palepale. Tundu dogo la kamba ukiliacha utalikumbuka Nzega usiku, mvua isiyo na msimu inamwagika na juu umebeba mchele wa mtu. Haya karibuni.

Dereva wa Njia ya Kati

Bosi umeeleza vizuri lakini umeongelea gari tu, dereva umemwandaa na nini? Maana mi nishafanya kazi sehemu, jina naliacha, gari linang'aa tairi mpya sita lakini ukifika umetoka Dar unakuta mzigo unakusubiri getini, unashusha huku wanapakia huku, unaambiwa oga haraka utoke. Mwanza Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 na lori mwendo wake mwisho 80 na matuta na vijiji vya 50 humo humo, sasa fanya hesabu mwenyewe mtu analala saa ngapi. Siku moja baada ya Igunga tandiboi, yule msaidizi wangu wa garini, ndo aliniamsha nikiwa nimeshika usukani, gari lishaanza kula changarawe za pembeni. Tulipaki palepale, nikamwambia bosi kwenye simu gari haliondoki mpaka nilale, akafoka, nikazima simu nikalala.

Kampuni niliyohamia baada ya pale wana utaratibu wa kupokezana. Msimu ukianza, dereva wa huku anaishia Manyoni, pale ni kama katikati ya Mwanza na Dar. Anakuta mwenzake wa Dar kaleta gari lenye mzigo wa kuja huku, wanabadilishana, kila mtu anageuza na gari la mwenzake. Ukifika Manyoni unalala gesti imelipiwa, asubuhi unarudi. Familia unaiona, gari halisimami, na mwenye mali anafurahi coz mzigo unafika mapema kuliko ule wa dereva mmoja anayesinzia njiani.

Msimamizi wa Igoma

Hii ya Manyoni imenigusa. Ila mkuu, wese, yaani mafuta, inakuwaje? Gari akiendesha watu wawili kila mmoja atasema mwenzangu ndo kanyonya.

Dereva wa Njia ya Kati

Mnapokabidhiana mnapima tenki kwa kijiti wote wawili mkiwepo, mnapiga picha kijiti na dashibodi ionyeshe kilomita, picha inaingia kwenye grupu la WhatsApp la magari. Af mnazunguka gari pamoja, tairi, taa, kioo, sili ya mzigo. Kama kuna kitu hukukisema pale ni chako. Mwanzo tulikuwa tunagombana sana, baadae kila mtu akazoea. Na kingine, posho iingie kwenye simu kabla hujawasha gari, sio "nitakurushia ukifika Shinyanga". Dereva anayeondoka hana hela ya kula ndo huyo anayeuza lita ishirini Tinde, we mlaumu lakini ujue ulimtengeneza mwenyewe.

Mama Mafuso

Mimi nina fuso zinabeba pamba kutoka kwenye AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, za Meatu na Bariadi kwenda jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Wanaume mtanisamehe lakini pamba naijua kuliko wengi humu. Pamba mbegu inajaa bodi kabla haijafika uzito, kwaiyo usihangaike na springi sana, hangaika na bodi, mabango ya pembeni yawe marefu na imara, na kamba. Hangaika na MOTO. Bomba la moshi likivuja karibu na bodi, au waya wa taa ya nyuma umechubuka, au tandiboi kapanda juu ya mzigo na sigara, hapo huna gari huna pamba. Mimi kabla msimu haujaanza fundi umeme anapitia waya zote za bodi, bomba linakazwa na linageuzwa mbali na mzigo, na mitungi ya kuzimia moto nakagua kama ina presha, sio ile ya kuonyesha trafiki tu. Kijana anayevuta sigara simpi kazi ya pamba. Nampeleka kwenye mchanga.

Kingine ni foleni ya kushusha. Katikati ya msimu unaweza kukuta malori yamejipanga nje ya jineri mpaka barabarani, unakaa siku, na wewe umekubaliana bei ya tripu. Nani analipa hiyo kulala? Siku hizi karatasi ya makubaliano naandika kabisa, kuanzia siku ya pili hela ya kulala ni kiasi fulani kwa gari. Walikataa mwanzoni. Msimu ulipobana na magari yakaadimika walikubali wote. Ndo maana nasema ongea bei mapema lakini masharti yaandike.

Na mbuga msizisahau, ule udongo mweusi kiangazi ni barabara nzuri kabisa, mvua ya kwanza ya Oktoba ikikukuta ndani umekwisha, utakaa humo mpaka jua likaushe. Mzigo wa mbali ndani ndani nautoa kwanza, wa kando ya lami unasubiri.

Fundi wa Nyakato

Mimi nitasema kifupi. Kichwa, pale penye injini, kinaogeshwa, tela linaachwa. Karibu kila gari la msimu linalokuja kwangu limevutwa, tatizo liko kwenye tela. Breki za tela hazijarekebishwa, mipira ya upepo imepasuka, taa hakuna. Af anatoka Dar na saruji anashuka Sekenke, breki za kichwa peke yake zinabeba kila kitu, zinachemka, zinakufa. Mteremko ule ushukwe kwa gia nzito, breki ni ya kugusa na kuachia. Toeni maji kwenye matenki ya upepo kila asubuhi, ni koki tu unavuta. Nati za tairi likishabadilishwa kazeni tena baada ya kwenda kidogo. Basi.

Mwaloni Kwetu

Nyie mnaongelea msimu wa miezi, sisi wa soko la Kirumba Mwaloni msimu wetu unaufuata mwezi wa juu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi imelala, sokoni hakuna kitu, lori ukileta utapiga miayo. Giza likirudi, visiwani wanavua, wanaanika, boti zinaanza kuleta magunia Mwaloni na hapo kila dalali anatafuta gari kwa wakati mmoja, bei inapanda siku hiyohiyo. Kwaiyo dereva mjanja wa dagaa ana kalenda ya mwezi. Sevisi anafanya mbalamwezi, msiba wa kijijini anaenda mbalamwezi hahaha.

Dagaa ni mwepesi, gunia kubwa halina kilo za kutisha, kwaiyo mzigo unapanda juu mpaka gari linayumba kwenye kona. Punguzeni urefu hata kama tani hazijafika. Na hakikisha amekauka, ingiza mkono katikati ya gunia, likiwa na joto ndani usipakie, atafika Kongo kashakuwa funza na wewe ndo utadaiwa.

Ngosha wa Buhongwa

Mbona hamjasema mizani ya barabarani? Msimu ndo kila bosi anakuwa na ugonjwa wa "ongeza gunia ishirini". Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ilianza kutumika kwetu Machi 2019, gari lote na mzigo mwisho tani 56 na hizo ni za gari lenye ekseli saba, ekseli tatu za tela kwa pamoja tani 24, ile ya mbele ya usukani 8. Sasa mtu anapakia jumla iko sawa lakini wapakiaji wamerundika nyuma kwasababu ndo karibu na mlango, unafika mizani ya Njuki pale Singida ekseli za nyuma zimezidi, unaambiwa upange upya, wabeba mizigo wa pale wanakutajia bei wanayotaka na wewe huna ujanja. Ofisini kwetu msimamizi alichora na rangi ndani ya bodi, mstari wa mwisho wa saruji, mstari wa mwisho wa mchele, mstari wa mwisho wa mbolea. Mpakiaji hata kama hajui kusoma anaona mstari. Haya yameisha kabisa? Hapana, lakini yamepungua sana.

Kijana wa Hesabu

Naombeni nipinge kidogo wakuu. Nyote mnaandaa gari ili libebe zaidi. Sisi tulijiandaa kwa kukataa. Mwezi wa nne tuliwapigia wateja wetu wa mwaka mzima, wa saruji, wa bati, yule wa dengu, tukawauliza msimu huu mnategemea tripu ngapi kwa wiki, tukawatengea magari. Yaliyobaki ndo tukauza kwa madalali. Katikati ya msimu dalali anakuja na bei ya kutoa udenda, unasema hapana, inauma kweli. Lakini Februari dalali yule humuoni na mteja wa saruji bado anapiga simu. Pia hatupangi gari zote barabarani, moja inabaki yadi na dereva wake, mwenzie akikwama Shelui ndo linaenda kuhamisha mzigo.

Mama Mafuso

Hilo la gari moja kubaki mwenye fuso mbili hawezi mwanangu, wewe una mengi.

Kijana wa Hesabu

Kweli mama. Hapo labda mkubaliane na mwenzako mwenye magari mawili pia, mmoja akikwama mwingine anamwokoa kwa bei ya mafuta tu.

Msafiri wa Bukoba

Kwa wanaoenda Geita, Biharamulo, Bukoba mpaka Mutukula, badilisheni ratiba zenu za zamani. Kuna wasimamizi bado wanapanga safari kana kwamba kuna foleni ya kivuko Kigongo. Daraja la JP Magufuli limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu hivi juu ya maji, dakika chache ushafika Busisi. Kwaiyo yale masaa mliyokuwa mnamwekea dereva ya kusubiri kivuko, ambayo kiukweli ndo alikuwa analala humo, yameondoka. Mmemwongezea tripu ila usingizi hamjamrudishia. Liangalieni hilo.

Na wa Rusumo, mpakani na Rwanda, bima ya gari ya kuvuka ile kadi ya njano ya COMESA ikateni mapema. Nilishaona dereva mgeni kaambiwa njoo na kadi ya njano akaleta ya chanjo, gari likalala mpakani. Zote mbili ziwe kwenye faili moja na pasi ya kusafiria.

Msimamizi wa Igoma

Wakuu nimejaza kurasa kwenye daftari. Swali langu la mwisho kwa leo, madereva deiwaka, wale wa kuchukuliwa kwa muda tu. Msimu ukibana hatuna jinsi tunachukua wa nje. Mnawapimaje? Leseni daraja E kila mtu anayo mkononi.

Dereva wa Njia ya Kati

Usimpe Dar safari ya kwanza. Mpe Mwanza Shinyanga na mzigo, mpande wote, kaa kimya. Angalia anashikaje breki akiona ng'ombe wanavuka, angalia kama akisimama anashuka kugonga tairi au anakimbilia chai. Na mwambie arudishe tela kinyumenyume kwenye geti lenu. Af mpigie bosi wake wa zamani, usimuulize kama anaendesha vizuri, muulize aliondokaje.

Fundi wa Nyakato

Na muulize matenki ya upepo yanatolewa maji wapi. Akianza kukuna kichwa mwache aende.